Dawa ya Rafuni, Dawa ya Droo

Uliona, ukageuza uso. Usikatae. Ulikuwa umesimama ndani ya duka la dawa unasubiri zamu yako, na mbele yako mtu kajishika paji la uso anaomba cha kutuliza kichwa. Ukamwona muuzaji anamsogezea boksi la rangi. Ukamwona yule mtu anafungua pochi, anasita, anaangalia boksi, anaangalia pochi, mwishowe anatoa. Wewe ulijua kwamba ipo ya bei ya chini, dawa ileile, tena ulijua vizuri kwa sababu ndiyo uliyokuja kununua. Ukatazama simu yako. Ukajisemea moyoni, kila mtu na kichwa chake.

Haya, kaa chini usikie habari ya muuzaji mmoja. Na usijitie kumcheka, maana mlikuwa chumba kimoja, kaunta tu ndiyo ilikuwa katikati yenu.

Mtaani dada huyo walimwita Dokta. Udaktari hakuwa nao. Alikuwa na kozi fupi ya kuuza dawa, koti jeupe lenye doa la ayodini mfukoni, na ulimi. Lakini mtaa ukishakuvisha cheo, kukivua ni kazi, na yeye hakujisumbua kukivua. Akina mama walimletea watoto wenye upele. Wazee walimnong'oneza mambo ambayo hata wake zao hawakuambiwa. Alijibu alichojua, na asichojua alisema "nenda hospitali," na kwa hilo hakuwa mtu mbaya.

Wenye kumbukumbu fupi watakwambia duka lile lilikuwa vile tangu lifunguliwe. Uongo. Zamani pale juu ya kaunta palikuwa na mtungi wa kioo umejaa karatasi nyeupe za vidonge vya maumivu, na bei imebandikwa kwa maandishi makubwa, hata mwenye macho mabovu anaisoma. Unaingia, unachukua, unalipa, unakwenda zako. Kisha wakaja watu wa kampuni moja, na dawa yao ya maumivu ya boksi jekundu. Walileta rafu ya kioo yenye taa ndani, wakaleta na saa ya ukutani. Bure kabisa, walisema, na bure yao ilikuwa na mkia: rafu ikae usawa wa macho, na mtungi upumzike. Mtungi ukapumzika. Karatasi nyeupe zikahamia droo ya chini, jirani na bandeji na mipira ya kufungia pesa. Hakuna aliyeuliza. Mtaa mzima ulikuwa unaingia na kutoka mle ndani, na hakuna aliyesema, jamani, mtungi uko wapi?

Dokta alijua. Wiki yake ya kwanza kazini aliligeuza boksi jekundu, akaigeuza na karatasi nyeupe, akasoma yale maandishi madogo yanayochosha macho. Parasetamoli hapa, parasetamoli pale. Uzito uleule. Kidonge chenyewe cheupe na kile kingine cheupe. Wekundu ulikuwa wa boksi tu. Ila kwa bei ya boksi moja ungebeba karatasi saba za droo, ukabaki na chenji ya chupa ya maji.

Bosi, mwenye duka, hakumwambia adanganye. Ni mtu mpole, anavaa kandambili dukani na kumsalimia kila mteja. Alimwambia maneno haya tu: "Mteja muoneshe kwanza kilicho mbele ya macho. Akitaka kingine atasema mwenyewe." Na kila mwisho wa mwezi, aliyeuza maboksi mengi hupewa bahasha, inaitwa asante.

Maneno yaliyobaki Dokta aliyatunga mwenyewe. Siku moja mteja mbishi alimuuliza, hii ina nini mpaka iwe ghali hivyo, na ulimi ukamjibu kabla ya kichwa: "Ile ya droo inapapasa juu juu. Hii ya rafuni inafuata maumivu kwenye mzizi." Mteja akalipa. Bosi alikuwa nyuma anapanga sabuni, akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe ungemuuzia samaki maji," alisema.

Toka siku hiyo mzizi ukawa wimbo. Za droo, za kuanzia. Za rafuni, za mzizi. Asante ya mwezi ikawa haikosei njia, inakuja kwake.

Lakini damu ni damu. Kwa watu wake Dokta alifungua droo bila hotuba, na wa kwanza katika hao alikuwa Mama Mdogo.

Mama Mdogo alikuwa mdogo wake mama yake, na ndiye aliyemlea mama alipofariki. Alikuwa anapiga pasi nguo za watu nyumbani kwake, chumba kimoja cha mbele, pasi ya mkaa, meza iliyotandikwa blanketi lililoungua pembeni. Mashati ya maofisini, sare za wauguzi, mashuka ya nyumba ya wageni. Dirisha lilikuwa halifunguliwi, kwa sababu barabara ilikuwa ya vumbi na shati jeupe halina msamaha. Kozi ya Dokta ililipwa na pasi hiyo. Na kichwa cha Mama Mdogo kilikuwa kinagonga tangu Dokta akiwa anavaa sare ya shule, jioni alikuwa anajifunga kitambaa kikavu kipajini na kusema, "Leo mafundi seremala wamehamia humu." Dokta alipopata kazi, dawa ikawa inatoka droo ya duka. Mama Mdogo anakuja, anasema "zile zangu," anapewa, anaondoka.

Ile siku ya mkosi, mgeni wa kampuni ya boksi jekundu alikuwepo, mtu wa tai na viatu vinavyolia, kaegemea kaunta anaongea na Bosi habari za rafu ya pili. Mama Mdogo akaingia na harufu yake ya mkaa.

"Mwanangu, nipe zile zangu."

Mkono wa Dokta ulishafika kwenye droo.

"Zipi hizo, mama?" Bosi aliuliza, kwa wema tu, kama anavyouliza wateja wote. Mgeni wa tai akageuka kutazama.

Mkono ukarudi. Hakuna aliyeushika. Ulirudi wenyewe, ukapanda mpaka rafuni, ukashusha boksi jekundu.

"Leo nakupa hii, Mama Mdogo. Kichwa chako ni cha siku nyingi."

"Zile hazifai tena?"

"Zile zinapapasa juu juu. Hii inafuata mzizi."

Mama Mdogo aliligeuza boksi mikononi kama mtu anayekagua kola ya shati. "Kumbe ni dawa mbili tofauti?"

"Tofauti kabisa."

"Tazama basi. Mimi miaka yote naparua juu." Alifungua fundo la kitambaa chake, akalipa bila kuomba apunguziwe, kisha akamgeukia mgeni. "Huyu ni wangu, baba. Mimi ndiye niliyemlea. Sasa yeye ndiye ananifundisha."

"Hongera, mama," mgeni akasema. "Umelea."

Dokta alijiambia jioni atapita kwa Mama Mdogo, amwambie ukweli, amrudishie fedha zake, wacheke. Jioni mvua ilinyesha. Kesho yake kulikuwa na kuhesabu mali ya duka. Keshokutwa aliona haya: utaanzaje kumwambia mtu aliyekulea kwamba ulimuuza mbele ya mtu wa tai? Kesho ikazaa kesho, na uongo una tabia ya unga uliokandwa: ukiuacha bila kuushughulikia, unaumuka.

Mama Mdogo si mjinga, na hapa ndipo jambo lilipoharibikia. Mjinga angemeza chochote alichopewa, akanyamaza. Yeye alifikiri. Alilima ujanani, anajua magugu. Ukikata majani ukaacha mzizi, yanarudi. Ukifuata mzizi ukaacha majani, yatakusumbua mpaka yakauke. Mwenye akili hufanya yote mawili. Karatasi nyeupe alikuwa nazo akiba kwenye kopo. Boksi jekundu analo. Kwa hiyo alimeza za juu pamoja na za mzizi, asubuhi, mchana na jioni, na mafundi seremala wakizidi kugonga, akaongeza. Boksi lilipokwisha alimtuma binti yake akanunue lingine, duka la karibu na nyumba, asimsumbue Dokta kazini.

Binti huyo mtaa ulimwita Kipenga, kwa sababu ya sauti. Ndiye aliyepiga simu.

"Njoo hospitali. Mama anatapika toka juzi, ubavu wa kulia unamuuma, na anakutaja wewe tu. Anasema Dokta akija atawaeleza."

Dokta alimkuta Mama Mdogo kwenye benchi la wodi ya mapokezi, kajikunja, midomo imekauka, na bado kashika kitambaa chake asije akaichafua sakafu ya watu. Tabibu alikuwa kijana mwenye macho ya mtu ambaye hajakaa chini toka asubuhi.

"Kuna dawa yoyote alikuwa anatumia?"

"Za kichwa tu," Mama Mdogo alijibu mwenyewe, na sauti ilikuwa na fahari hata katika hali ile. "Ananipa mwanangu huyu. Yuko duka la dawa."

Tabibu akamgeukia Dokta, kwa heshima ya watu wa kazi moja. "Za kichwa zipi?"

Hapo palikuwa na mlango wazi. Mtu angeupita kwa maneno machache. Dokta aliangalia chini, akaona viatu vyake.

"Za kawaida," alisema.

"Kwa kiasi cha kawaida?"

"Kawaida."

Kipenga alikuwa mlangoni anasikia, na Dokta hakutaka asikie. Ndiyo sababu yote. Tafuta nyingine kubwa zaidi, hutaipata. Mtu anaweza kuhatarisha uhai wa aliyemlea kwa sababu anaona haya mbele ya ndugu yake, na akili yake ikamwambia kwamba hilo ni jambo dogo, litajirekebisha lenyewe.

Tabibu akaagiza kipimo cha malaria na kipimo cha choo, akasema apewe kitu cha kushusha joto na maumivu wakati wanasubiri, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nesi akaja na sinia, kikombe cha maji, na kisahani chenye vidonge viwili vyeupe.

Mama Mdogo akavichukua, akavitazama kiganjani.

"Samahani, mwanangu," akamwambia nesi. "Hizi ni za juu au za mzizi?"

"Za nini, mama?"

"Zipo za juu juu, zipo za mzizi. Si Dokta wangu alinielewesha? Mimi nameza zote kwa pamoja, ndiyo zinakamilisha kazi. Ukinipa za upande mmoja hutanisaidia."

Nesi akacheka. "Mama una vituko wewe. Meza hizo, zote zinakwenda tumboni."

Dokta aliyasikia hayo. Zote kwa pamoja. Toka lini? Alianza kuhesabu maboksi na akaacha, kwa sababu hesabu yenyewe ilikuwa inamtisha. Alijua ini likielemewa na dawa ile linakuwaje. Lilikuwa somo la mwanzo kabisa katika ile kozi fupi, na pasi ya mkaa ndiyo iliyolilipia. Na bado, ndugu yangu, bado alisita. Kiganja kilikuwa kinapanda kwenda mdomoni na yeye anasita, anapima: nikisema, Kipenga atajua, mtaa utajua, Bosi atajua. Nisiposema, nani atajua?

Alivipiga vile vidonge kutoka kiganjani. Vikaviringika chini ya benchi.

"Asimeze."

"Dada, vipi?" nesi akasema.

"Ni ileile."

"Ileile na nini?"

"Na ya boksi. Na ya droo. Zote dawa moja." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hakuna ya mzizi. Nilitunga. Muite tabibu, amekuwa anameza mara mbili, labda zaidi."

Tabibu alirudi mbio. Hakufoka. Aliuliza ngapi, toka lini, anakula chakula au hali, na safari hii Dokta alijibu na Kipenga akajazia. Malaria ikawekwa kando. Damu ikachukuliwa ya kupima ini, dripu ikatundikwa, dawa ya kuzuia sumu ikatafutwa chumba kwa chumba mpaka ikapatikana.

"Dawa hii ya kuzuia sumu hufaa ikiwahi," tabibu alimwambia Dokta akiwa ameinama kufunga plasta. "Ungesema nilipokuuliza mara ya kwanza."

"Najua."

"Nesi angempa nyingine juu yake. Kwa maandishi yangu mimi."

"Najua."

Kipenga kwa mara ya kwanza maishani mwake aliongea polepole. "Kwa hiyo mama alikuwa anainama juu ya mkaa, analipia rangi ya boksi."

"Ndiyo."

"Na wewe kila mwisho wa mwezi wanakupa asante ya maboksi."

Mama Mdogo alikuwa amefumba macho, wakadhani amelala.

"Na zile za kuanzia?" aliuliza bila kuyafumbua. "Nazo ulinidanganya?"

"Zile zilikuwa ndizo, Mama Mdogo. Zile zilikuwa zinatosha."

Mama Mdogo akaugeukia ukuta.

Macho yake yaligeuka manjano kwanza, na kwa siku kadhaa Dokta hakuthubutu kuyatazama. Kisha umanjano ukaanza kurudi nyuma. Alipona. Hilo lisemwe wazi, wapo wasiopona. Siku ya kuruhusiwa tabibu alimuuliza kuhusu kazi yake, chumba kikoje, mkaa unawashiwa wapi, dirisha je. Aliposikia, akaweka kalamu chini.

"Mama, moshi wa mkaa usiouona ndio unaokugonga kichwa. Fungua dirisha. Mkaa uwashie nje. Hiyo haiuzwi popote."

Dokta alikuwa amesimama hapo na mfuko wa nguo. Miaka yote aliyoishi chumba kile, akaja akasoma, akavaa koti jeupe, hakuwahi kuuliza kichwa kinatoka wapi. Aliuliza tu kitapewa nini.

Dirisha sasa liko wazi. Mashati meupe hukunjwa haraka na kufunikwa, na baadhi ya wateja wamelalamikia vumbi na kuhama. Dokta huenda kila Jumapili, anafagia, anabeba maji, anawasha mkaa uani. Mama Mdogo hamtukani. Angemtukana ingekuwa nafuu. Anamwitikia, anamkaribisha, anamuuliza habari za kazi. Lakini Dokta akimpa kikombe, anakipokea kwa mikono miwili na kukitazama ndani.

"Ndani mna nini, mwanangu?"

"Maji, Mama Mdogo."

"Maji matupu?"

"Matupu."

"Ahsante." Anakiweka kwenye kigoda. Kinakaa hapo. Baadaye Kipenga akiingia na maji yake, Mama Mdogo anakunywa ya Kipenga.

Dukani, Dokta alitaka kumwangushia Bosi mzigo wote. Alimfuata alipokuwa anafungua makufuli, akamweleza, na Bosi alimpa pole ya dhati kabisa, akauliza mgonjwa anaendeleaje.

"Lakini mimi nilikwambia useme mzizi?" aliuliza kisha.

"Ulisikia nikisema. Ulicheka."

"Nilicheka. Niliona mauzo yanapanda, sikuuliza yanapandaje. Wewe unayo kazi, mimi ninayo kodi ya pango. Tusitafutane."

Kila neno alilotaka kumjibu lilimhusu yeye pia.

Hakuacha kazi. Ungependa aache, najua. Ingekuwa safi, nawe ungefunga ukurasa. Alibaki, kwa sababu kodi anayo pia, na kwa sababu aliyevuruga maji akiondoka hayatulii, yanapelekwa tu kwa wanaokunywa bila kujua. Akatoa karatasi nyeupe kwenye droo, akaziweka juu ya kaunta kando ya boksi jekundu, na bei zote mbili kazigeuzia mteja. Bosi akipita anazirudisha droo. Akitoka, Dokta anazitoa. Hawasemezani juu ya hilo. Asante ya mwezi imeenda kwa mwingine.

Siku moja akaingia fundi mwashi, mteja wa siku nyingi, vumbi la saruji mpaka kwenye kope.

"Dokta, kichwa."

"Hizi mbili ni dawa moja," Dokta akamwambia. "Soma hapa, na hapa. Hii nyeupe utalipa bei hii. Hii ya boksi utalipa mara saba. Chukua nyeupe."

Fundi akamtazama kwa jicho la mtu aliyezoea kuuziwa saruji yenye mchanga. "Wewe mwenyewe uliniambia hizo ni za kuanzia."

"Nilikudanganya."

"Unanidanganya saa hizi. Makapi yamewadodea, mnataka kuyamaliza." Akagonga kioo cha rafu kwa kidole. "Mke wangu nimemwambia, kaka yangu nimemwambia, kambi nzima kule kazini wanajua. Nipe ya mzizi, nina tofali zinanisubiri."

Akalipa mara saba. Akameza kimoja palepale, na kutoka mfuko wa shati akatoa karatasi nyeupe iliyobaki nusu, akachomoa na kingine. Dokta aliupitisha mkono juu ya kaunta, akamshika kifundo cha mkono.

"Hicho sikuachii," alisema. "Nipigie kelele, niitie Bosi, lakini hicho hukimezi."

Alimshika hivyo huku anamsomea maandishi madogo, mstari kwa mstari, na watu wanaongezeka nyuma, wanatazama simu zao. Fundi alikirudisha kile kidonge mfukoni, kwa hasira, akaondoka na boksi lake. Kama alikimeza kule nje, Dokta hajui. Mke anao, kaka anao, kambi nzima inao ule uongo wake, unatembea kwa miguu ya wengine, na yeye ana mdomo mmoja na kaunta moja.

Kwa hiyo inuka. Usingoje nikuage. Nenda pale unapoweka vidonge nyumbani kwako, vigeuze, soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya lile jina kubwa la biashara. Majina yakifanana, ni dawa moja: usizimeze pamoja, na usilipie rangi. Mpigie simu aliyekulea, sasa, umuulize anameza nini pamoja na nini, na usikate mpaka amekusomea. Kisha nenda duka la mtaani kwenu, usimame katikati ya watu, uulize kwa sauti ya juu ile ya bei ya chini wameificha wapi. Waiweke juu. Mpaka waiweke juu, usitoke.